Mashine Iliyozimika Kila Nusu Saa

"Kuanzia Mugunga mpaka mpakani, hakuna mashine inayoweza kunificha ugonjwa wake. Nikiitegea sikio tu, inaungama yenyewe kama mwenye dhambi mbele ya padri."

Hayo yalikuwa maneno ya Prodige Kamate, kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye studio ya video katika mtaa wa Majengo, mjini Goma. Aliyatamka Jumatatu asubuhi, mkono mmoja kiunoni. Kufikia Ijumaa ya juma lilelile alikuwa ameyameza yote bila maji.

Wahenga walisema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Maana yake haihitaji kamusi: mtu huwa na macho makali kama ya mwewe akitazama kasoro za jirani, lakini ikifika zamu yake mwenyewe, ukungu wote wa mlima Nyiragongo humshukia usoni. Prodige alikuwa na macho hayo ya mwewe. Kila asubuhi, kabla hata chai haijapoa, aliandika kwenye simu yake, mahali ambapo rafiki zake wote wangeona, habari fupi aliyoiita "Kosa la Leo". Leo ni mwalimu aliyelia kwamba printa yake imekufa, kumbe haina karatasi. Kesho ni mwimbaji wa kwaya aliyejirekodi saa nzima huku kidole gumba kimeziba kamera. Watu walicheka kabla ya kunawa uso. Walicheka kwa sababu kosa lilikuwa la mwingine, na kwa sababu la kwao lilikuwa halijafika.

Jumatatu hiyo, aliyeambiwa habari za mashine na padri alikuwa Mama Mukamugema, mjane aliyekaribia miaka sabini. Alikuwa ametoka Rutshuru kwa miguu akikimbia vita, akaishi kambini Kanyaruchinya mpaka mahema yalipoondolewa, na sasa alikuwa kwa binti yake, nyumba ya nne kutoka studio. Uchovu ulikuwa umemkaa mabegani kama mzigo wa kuni ambao mwenyewe amesahau kuutua. Mkononi alishika simu yenye kioo kilichopasuka, ameifunga kwa kitambaa cha kichwa.

Ndani ya simu hiyo mlikuwa na video kumi na nne za marehemu mumewe, Mzee Ntirenganya. Hapakuwa na kingine. Picha zake za ukutani zilibaki ukutani, na ukuta ulibaki Rutshuru.

"Watoto wanafika Jumamosi kuondoa matanga," alisema. "Mumoja anatoka Butembo, mumoja Kampala, mumoja Masisi. Wanalala siku moja, wanarudi. Mwaka muzima tulingoja barabara ifunguke. Ninataka wamuone baba yao anatembea. Si picha ya kusimama, hapana. Anatembea."

"Mama, Alhamisi filamu unayo mkononi."

"Ni vizuri. Nitangojea hapa."

"Mpaka Alhamisi?"

"Mahali hii telefone inashinda, na mimi ninashinda."

Akavuta kigoda, akakiweka karibu na mlango, akaketi. Jioni alirudi kwa binti yake na simu yake. Asubuhi alikuwa amefika kabla ya mwenye studio. Prodige akamzoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani, akasahau kwamba hii saa ilikuwa na macho.

Kompyuta ya Prodige ilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Ujana wake iliumalizia kwenye ofisi fulani ya wazungu, ikastaafu, ikanunuliwa na Prodige pamoja na vumbi lake. Kwa picha za harusi za zamani ilijikongoja. Lakini video za marehemu, alizozinakili kutoka kwenye simu ya Mama, zilikuwa nzito, na mashine ilipojaribu kuzicheza, Mzee Ntirenganya aliruka kama chura: mguu mmoja hapa, wa pili baada ya muda mrefu, na sauti ikamfuata nyuma kama mtoto aliyechelewa shule. Prodige alipoiamuru iziunganishe video zote kuwa filamu moja, mashine iliandika kwamba ingehitaji saa mia moja na thelathini.

"Inataka kadi ya picha," Prodige alitangaza. Hapo alisema kweli, na tumpe haki yake, maana hatutampa nyingine hivi karibuni. Kadi ya picha ni kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kibebe kazi yote ya picha, na mashine yenyewe ipumue. Pasipo kadi hiyo, Jumamosi ingefika na watoto wangemkuta baba yao angali anaruka.

Alikwenda Birere, kwenye duka la Aksanti, mwanamke wa Bukavu aliyeuza vipande vya kompyuta nyuma ya kaunta yenye upana wa mlango. Prodige hakusalimu vizuri. Macho yake yalikuwa yameshatua juu ya kadi moja kubwa, yenye feni tatu, inayong'aa kama pikipiki iliyooshwa kwa ajili ya harusi.

"Nipe ile."

"Ile ni lori," Aksanti alisema. "Alimantasyo yako ni ya wati ngapi?"

Alikuwa akiuliza juu ya kile kikasha cha ndani kinachoigawia mashine umeme.

"Za kutosha."

"Za kutosha si nambari, papa. Na ndani ya kasha la mashine yako kuna nafasi ya santimeta ngapi?"

"Dada, unaniuzia kadi ao unanipima shati?"

"Ninakupima shati, ndiyo. Watu wengi wananunua bila kupima, kisha wanarudi hapa na hasira." Akachukua kadi nyingine, ndogo, yenye feni moja, isiyong'aa. "Twaa hii. Umeme wake inaupata palepale kwenye unaichomeka, haiombi waya mwingine. Imetumika, lakini nimeijaribu siku tatu. Mashine ya miaka kumi na mbili, hii inaitosha. Ile kubwa ni kumfunga babu yako injini ya lori: injini itaunguruma, babu hatafika."

Prodige alicheka mpaka wateja wengine wakageuka. Akaichukua ile kubwa.

"Bon," Aksanti alisema. "Usikate kitu, usikunje kitu. Ikikataa, unairudisha na kartoni yake."

Njiani, pikipiki ikirukaruka juu ya mawe ya volkano, Prodige aliandika Kosa la Leo: muuza kadi anayetaka santimeta kama fundi wa cherehani.

Alipofika aliifungua mashine, akaisukuma kadi. Ikagoma. Ilikuwa ndefu kupita kasha kwa vidole viwili. Akaiinamisha, ikagonga chuma. Akaigeuza, ikagonga kingine. Tena ilikuwa na midomo miwili ya kulishwa umeme, na kikasha cha mashine hakikuwa hata na waya mmoja wa kuilisha. Jasho likamtiririka mpaka kidevuni.

"Imekataa?" Mama Mukamugema aliuliza kutoka kwenye kigoda.

"Haijakataa, mama. Inazoea."

"Ng'ombe anayezoea zizi anaingia na kichwa. Huyu wako nusu iko nje."

Jumanne mchana alirudi Birere kwa miguu, kartoni kwapani, jua likimchoma utosini. Alimwambia Aksanti kwamba mteja wake amebadilisha mawazo. Aksanti aliitazama mikwaruzo mipya kwenye ubavu wa kadi, akamtazama Prodige, akampa ile ndogo. Hakucheka. Angecheka, Prodige angepata la kujibu. Kwa kuwa hakucheka, njia ya kurudi ikawa ndefu mara mbili.

Kadi ndogo iliingia mahali pake kama ufunguo. Prodige akarudisha nyaya zote, akawasha. Feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi kama lava. Akazima, akawasha. Nyeusi. Akachukua simu.

"Dada, umeniuzia maiti."

"Pole," ilijibu sauti ya Aksanti. "Waya wa skrini umeuchomeka wapi?"

"Kwenye mashine. Ungetaka niuchomeke kwenye mti?"

"Mashine sasa iko na matundu mawili ya skrini, papa. Tundu lake la zamani na tundu la kadi. Umechomeka kwenye lipi?"

Prodige akainama nyuma ya mashine. Waya ulikuwa umekaa kwa raha kwenye tundu la zamani, mahali alipouweka kwa mkono wake mwenyewe dakika ishirini zilizopita. Akauchomoa polepole, kama mtu anayemwiba kuku, akautia kwenye tundu la kadi. Skrini ikawaka, nyeupe kama meno.

"Allo? Papa, uko?"

"Imejirekebisha yenyewe," Prodige alisema. "Nafikiri ilikuwa na baridi."

Kwenye kigoda, Mama Mukamugema aliihamisha simu yake kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia.

Jumatano asubuhi mambo yalinyooka. Video zilitiririka kama maji ya mfereji. Mzee Ntirenganya alitembea. Alitoka mlangoni mwa nyumba isiyokuwapo tena, ndoo ya maziwa mkononi, akakata uwanja kuelekea kwenye mgomba, na mguu ukaufuata mguu bila kuruka. Mama Mukamugema alisogeza kigoda hatua mbili mbele. Mashine, iliyokuwa imedai saa mia moja na thelathini, sasa iliomba saa tatu tu.

Prodige akaifunga, akaiweka mahali pake chini ya meza, akaiamuru ianze kazi. Kisha akaivika.

Hapa sharti tuseme ukweli juu ya mji wetu. Vumbi la Goma ni jeusi, ni jembamba, na lina meno. Huingia hata ndani ya yai. Kwa hiyo nyumba yenye heshima huvalisha vitu vyake. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, friji isiyogandisha chochote tangu mwaka juzi ina kitambaa. Kuacha mashine uchi mbele ya wageni ni aibu inayokaribia kujiacha uchi mwenyewe. Kitambaa cha Prodige kilifumwa na mchumba wake Charline, huko Butembo, kwa uzi mzito wa sufu wa kukunja mara mbili, chekundu, chenye nyuzinyuzi nyeupe pembeni na jina la studio katikati. Kiliifunika mashine juu, mbele, nyuma na ubavuni, mpaka sakafuni. Prodige alikivuta pembe zote zikakaa sawa, akakipapasa kwa mapenzi.

Baada ya nusu saa, pap. Skrini ikazima. Mashine ikanyamaza.

Taa ya dari ilikuwa bado inawaka. Prodige akainua pembe moja ya kitambaa, akangoja kidogo, akabonyeza. Ikaamka bila kinyongo. Akaianzisha kazi upya, akaivika. Nusu saa. Pap.

Siku ikaenda hivyo. Kila mara kazi ilianza mwanzo, kila mara Mzee alitoka mlangoni na ndoo yake, kila mara alikata uwanja, na alipofika karibu na mgomba, giza. Kila mara Prodige aliinua pembe, akabonyeza, akaivika tena.

"Amefika ku mugomba?" Mama aliuliza mara ya tano.

"Amefika."

"Na kisha?"

"Amezimika, mama."

Mara ya sita hakuuliza swali. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayehesabu mizigo, "Mutoto wangu, mimi nilimuzika mara moja. Wewe leo umemuzika mara sita."

Prodige alihisi maneno hayo yakimchoma, na mtu aliyechomwa hutafuta upesi aliyeshika moto. Hakutafuta mbali. Upande wa pili wa ukuta alikuwako Moïse, mchomeleaji wa milango ya chuma, mtu mpole mwenye miwani myeusi na mikono yenye makovu. Kila alipochomelea, taa za mtaa zilikonyeza jicho. Prodige alitoka mbio.

"Papa Moïse, unaua kazi ya mujane. Kila ukigusisha chuma chako, mashine yangu inazima."

Moïse alivua miwani. "Nachomelea hapa miaka sita. Mashine yako haijawahi kulalamika."

"Sasa inalalamika. Umeme unaula wote wewe."

"Taa yako inazima?"

"Taa haina akili. Mashine ina akili, inasikia."

Majirani walikusanyika, kama kawaida ya majirani. Prodige, alipoona ana watazamaji, alipandisha sauti. Akaeleza mambo ya volti na ampea ambayo nusu yake alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwake. Moïse alisikiliza, akajikuna shingo. Milango miwili ya mteja ilikuwa imelala chini, ya kuchukuliwa kesho yake.

"Ni ya matanga ya muzee Ntirenganya?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi kesho nitazima. Siku nzima. Mtu wangu atangoja."

Alhamisi karakana ya Moïse ilikuwa kimya kama kanisa siku ya kazi. Moïse mwenyewe alikaa mlangoni, mikono magotini, akimweleza mteja wake kwa nini milango haijakamilika, na mteja akimweleza Moïse mambo yasiyofaa kuandikwa hapa. Prodige alikuwa ameshaandika Kosa la Leo: jirani anayekula umeme wa mtaa mzima na bado hanenepi. Akaanzisha kazi. Akaivika mashine.

Nusu saa. Pap.

Akaazima stabilizateri, kile kifaa cha kutuliza umeme, kwa mwenye baa. Pap. Akabadilisha tundu la ukutani. Pap. Ilipofika mchana aliamua kwamba Aksanti ndiye aliyemtupa shimoni. Akaichomoa mashine, akaacha kitambaa kimekunjwa juu ya kiti, akapanda pikipiki huku ameikumbatia kwenye mapaja kama mgonjwa anayepelekwa kulazwa.

Aksanti aliiweka juu ya kaunta, akaiwasha, akaipa kazi ngumu ya kuipima nguvu. Wakangoja. Nusu saa ikapita, mashine ikaendelea kunguruma. Saa nzima. Saa moja na nusu. Prodige aliikazia macho akiiombea mabaya. Ni mara chache mtu kuomba mali yake ife mbele ya watu.

"Iko nzima," Aksanti alisema. Tayari alikuwa anateremsha kibati cha mlango, kwani saa kumi Birere hufunga. Siku hizi hakuna anayengoja giza. "Hapa haina shida. Kitu kiko kwako."

"Kwangu hakuna kitu."

"Basi rudi ukakitazame hicho ambacho hakipo."

Ijumaa asubuhi Prodige alikuwa na macho mekundu na ulimi mzito. Hakuandika Kosa la Leo. Alichomeka nyaya, akaanzisha kazi, mikono yake ikaivika mashine kwa mazoea, ikanyoosha pembe zake, ikapapasa jina. Kesho ilikuwa Jumamosi. Mtoto wa Butembo alikuwa ameshapanda gari. Wa Kampala alikuwa amepiga simu kutoka mpakani. Mama Mukamugema alikuwa kwenye kigoda, simu mapajani.

Mzee akatoka mlangoni. Akakata uwanja. Mgomba ukaonekana.

Pap.

Prodige hakuinuka. Aliteleza kutoka kitini, akaketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu mbele, kama mtu aliyeshushwa na gari lisilo lake. Hakuwa na wa kumlaumu tena. Alikuwa amewamaliza wote.

Mama Mukamugema alisimama, goti moja kwanza, kisha la pili. Akapita mbele yake, akainama chini ya meza, akaweka kiganja juu ya kitambaa chekundu, vilevile mama anavyogusa paji la uso la mtoto. Akakiacha hapo kidogo. Akakitoa haraka.

"Kwetu Rutshuru," alisema, "ndizi za pombe ya kasiksi tunatia ndani ya shimo, tunafunika na majani. Siku tatu, joto inazivisha. Hii yako unaivisha ya nini?"

Prodige alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamchosha zaidi. Akatambaa mpaka kwenye mashine, akakivuta kitambaa. Joto likamrukia usoni kama mvuke wa sufuria. Chuma hakikushikika. Ile mashine ya zamani, kabla ya kadi, haikuwa na joto la kutosha hata kupasha mikono, na ilivumilia blanketi lake miaka yote. Lakini kadi mpya ilifanya kazi kama farasi na kutoa jasho kama farasi, na jasho hilo lilikuwa halina pa kutokea. Mashine ilikuwa inajizima isiungue. Dukani kwa Aksanti ilikuwa uchi; ndiyo maana ilipona.

"Mama, mbona hukusema tangu Jumatano?"

"Nilisema mutoto amesoma, anajua anachofunika. Kisha ukasema ni Moïse. Nikaamini ni Moïse." Akarudi kwenye kigoda. "Nilimukasirikia Moïse usiku mbili."

Prodige aliitoa mashine chini ya meza, akaiweka katikati ya chumba, mbali na ukuta, bila hata nguo ya ndani. Akaianzisha. Vumbi jeusi liliingia mlangoni likatua taratibu juu ya chuma kitupu, na hakuna aliyelifuta.

Mzee Ntirenganya akatoka mlangoni na ndoo yake. Akakata uwanja. Akaufikia mgomba, akaupita, akaitua ndoo, akajinyoosha mgongo. Mama Mukamugema aliachia pumzi ndefu, iliyotoka mbali.

Filamu ilikamilika kabla ya saa tisa.

Jumamosi uani kwa binti yake palitandazwa turubai, na televisheni ikasimamishwa juu ya meza. Watoto watatu waliketi mbele, viatu vyao bado vina vumbi la safari. Filamu ilikuwa ya dakika arobaini, na ukweli ni kwamba Mzee hakusema mengi ndani yake. Alikamua, alitengeneza mpini wa jembe, alimfukuza mbuzi. Mwishoni aligeuka, akamwona anayemrekodi, akasema kwa ukali, "Zima hiyo, unamaliza batri." Wote watatu wakacheka kwa pamoja, na kicheko chao kikavunjika katikati, kikawa kilio. Yule wa Masisi aliomba warudie hapo. Wakarudia mara nne. Mama yao aliwatazama wao, hakuitazama televisheni.

Chakula kilipoandaliwa, wageni walimpa Prodige kiti cha mbele na soda baridi, wakamsifu. Sifa ilimwingia kama mvua kwenye shamba kavu. Akanyoosha miguu.

"Nyinyi mmeona dakika arobaini," alianza. "Hamujui vita niliyopigana. Mashine inazima, inazima, inazima. Fundi mwingine angelia. Mimi niliitegea sikio tu, nikasikia: umeme unaliwa. Kumbe kuna jirani, simutaji jina, anachomelea vyuma bila huruma. Nilimuendea, nikamusimamisha kazi siku nzima. Bila hivyo, jamaa zangu, leo mungetazama meza tupu."

Watu walitikisa vichwa. Mmoja akasema jirani wa namna hiyo ni mchawi. Prodige akanywa funda moja, akajiandaa kuendelea. Hakuwa ametazama nyuma. Nyuma, karibu na nguzo za turubai alizozisimamisha mwenyewe alfajiri bila kuombwa, Moïse alikuwa ameketi na sahani ya wali magotini. Alikuwa ameacha kula.

"Prodige," aliita Mama Mukamugema kutoka kwenye mkeka. Hakupandisha sauti, alikuwa amechoka mno kuipandisha. Lakini ua wote ulimsikia. "Nilikuwa pale."

"Ndiyo, mama."

"Siku tano, ku kigoda, karibu ya mulango. Kadi ya kwanza ilikuwa ndefu, ukasema inazoea. Waya uliweka mahali pabaya, ukasema mashine ilikuwa na baridi. Moïse alizima siku muzima, milango ya watu ikalala chini, na yetu ikaendelea kuzima bila yeye. Ilikuwa kitambaa chako. Uliivika kwa mukono wako, kila mara, na ukaipapasa." Akakohoa kidogo, akaelekeza kidevu kuelekea kwenye nguzo. "Moïse iko nyuma yako, anakula. Hiyo hadithi mugeukie umwambie yeye."

Chupa ya soda ilibaki hewani, haikufika kinywani wala haikurudi mezani. Shingo ya Prodige, iliyozoea kugeukia makosa ya watu kwa wepesi wa mwewe kumwona kifaranga, siku hiyo ilikuwa nzito kama mlango wa chuma usiokamilika. Aligeuka hata hivyo, polepole, na kila jicho uani likamsindikiza, kwa maana nyani haoni kundule, lakini aliyeketi nyuma yake siku tano ameliona lote.